Mwenyekiti, Mwezeshaji na Neno Lisilosemwa: Uendeshaji wa Mikutano ya Timu katika Miradi ya Ajaili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuendesha mikutano ya timu katika miradi inayofuata mkabala wa ajaili, hususani utaratibu wa skramu. Hoja kuu ni kwamba ufanisi wa mkutano wa timu haupimwi kwa ufupi wake wala kwa idadi ya mikutano iliyofanyika, bali kwa uwezo wake wa kulitoa jambo muhimu kwa mtu mmoja anayelijua na kulifikisha mahali linapoweza kubadili kazi ya kesho. Makala yanaonesha kuwa mazoea ya kuripoti kwa mwenyekiti hulizuia jambo hilo, na kwamba mwezeshaji hulifungulia njia kwa kupanga nani anasema, kwa zamu ipi, akimwelekea nani na kwa lengo gani. Aidha, yanapendekeza kuwa vipengele viwili vya kikao rasmi kama kinavyofahamika kwa wasemaji wa Kiswahili, yaani yatokanayo na desturi ya mkubwa kuhitimisha, vihifadhiwe na kupewa kazi mpya.

Istilahi muhimu: ajaili, skramu, mkutano wa timu, mwezeshaji, kikao

1.0 Utangulizi

Ajaili ni mkabala wa kuendesha miradi ambamo kazi hugawanywa katika vipindi vifupi, na kila kipindi huisha kwa kitu kinachoweza kutumiwa na kupimwa. Badala ya kuandika mpango mmoja mrefu na kuufuata hadi mwisho wa mradi, timu hupanga kidogo, hutenda, huonesha ilichotenda, husikiliza, kisha hupanga upya. Mkabala huu ulikulia katika utengenezaji wa programu za kompyuta, ingawa leo unatumika pia katika shughuli nyingine zenye mahitaji yanayobadilika.

Mpango unaobadilika kila baada ya wiki mbili hauwezi kukaa katika waraka peke yake. Sehemu yake kubwa hukaa katika mazungumzo ya wale wanaoutekeleza. Kwa mantiki hiyo, mikutano katika ajaili si shughuli ya pembeni inayokula muda wa kazi. Ni sehemu ya kazi yenyewe. Mikutano hiyo ikiharibika, mradi hubaki na vipindi vifupi na majina mapya ya vyeo, lakini hupoteza kile kilichofanya vipindi hivyo viwe na maana, yaani uwezo wa timu kujisahihisha mapema.

Ili kufafanua hoja hii, makala yatatumia mfano mmoja wa kielelezo. Tuchukulie timu ya watu saba inayotengeneza programu ya simu ya kulipia ankara za maji. Mjaribu programu, ambaye ndiye mdogo kuliko wote kwa umri na kwa cheo, amegundua kuwa mtandao ukikatika katikati ya malipo, mteja akijaribu tena hukatwa fedha mara mbili. Hana hakika kama kosa liko kwenye programu au kwenye namna alivyolifanya jaribio. Asubuhi inayofuata, katika mkutano wa timu, zamu yake inapofika anasema, “Ninaendelea na majaribio, hakuna tatizo kubwa.” Mkutano unamalizika kwa wakati na kila mtu anaondoka ameridhika. Wiki tatu baadaye kosa lilelile linagunduliwa na wateja. Swali linaloongoza makala haya ni hili: ni nini katika uendeshaji wa mkutano ule kilichofanya jambo hilo lisisemwe, na ni nini kingeweza kulifanya lisemwe?

2.0 Chimbuko na aina za mikutano

Mwaka 1986, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka walichapisha katika jarida la Harvard Business Review makala kuhusu namna kampuni za Japani na Marekani, zikiwamo Honda, Canon na Fuji-Xerox, zilivyobuni bidhaa mpya kwa haraka. Walilinganisha timu za kampuni hizo na timu ya raga inayosonga mbele pamoja huku ikipasiana mpira, tofauti na mbio za kupokezana vijiti ambamo kila idara hukamilisha sehemu yake na kuikabidhi kwa inayofuata. Kutoka katika mchezo huohuo ndiko lilikotoka jina la skramu, utaratibu ambao Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliuwasilisha hadharani mwaka 1995 huko Austin, Texas. Mnamo Februari 2001, watu 17, wakiwamo hao wawili, walikutana Snowbird, Utah, wakaandika Ilani ya ajaili yenye maadili manne, inayoambatana na kanuni 12. Miongoni mwa kanuni hizo, moja inayapa mazungumzo ya ana kwa ana nafasi ya kwanza katika kupashana habari ndani ya timu, na nyingine inaitaka timu itafakari mara kwa mara namna ya kuboresha utendaji wake na kurekebisha mwenendo wake.

Mwongozo wa skramu, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2010 na kuhaririwa upya mara kadhaa, toleo la mwisho likiwa la mwaka 2020, unataja mikutano minne ndani ya kila mzunguko wa kazi. Mzunguko wenyewe hauzidi mwezi mmoja. Mkutano wa kwanza ni wa mipango, ambao kwa mzunguko wa mwezi mmoja hauzidi saa nane. Wa pili ni mkutano wa kila siku, ambao ukomo wake ni dakika 15. Wa tatu ni wa mapitio, ambamo timu huwaonesha wadau ilichokamilisha na kupokea maoni yao. Huu hauzidi saa nne. Wa nne ni wa tafakuri, ambamo timu huangalia namna ilivyofanya kazi. Huu hauzidi saa tatu. Mzunguko ukiwa mfupi, mikutano hii nayo kwa kawaida hufupishwa. Timu yenyewe, kwa mujibu wa mwongozo huo, kwa kawaida ina watu kumi au pungufu.

Ukomo huu wa muda una sababu. Timu ya watu saba ikikutana kwa dakika 15 katika kila siku ya kazi kwa wiki mbili, kila mtu hutumia dakika 150, na timu nzima hutumia saa 17 na nusu za kazi. Hayo ni zaidi ya matumizi ya siku mbili za mtu mmoja. Hata hivyo, gharama hii haiwezi kuhukumiwa kwa saa peke yake. Katika mfano wetu, mkutano uliotumia dakika 15 kamili ndio uliopitwa na kosa la malipo. Muda ulitunzwa, lakini jambo lenyewe likapotea.

3.0 Mwenyekiti na mwezeshaji

Msemaji wa Kiswahili aliyefanya kazi katika ofisi, shule, chama cha ushirika au kamati ya mtaa anaufahamu utaratibu wa kikao rasmi. Mwenyekiti hufungua kikao, akidi huthibitishwa, ajenda hupitishwa, muhtasari wa kikao kilichopita husomwa na kuthibitishwa, yatokanayo hujadiliwa, ajenda hushughulikiwa moja baada ya nyingine, mengineyo huchukuliwa mwishoni, na kikao hufungwa. Utaratibu huu una kazi yake halali. Unahakikisha kuwa uamuzi umefanywa na watu wenye mamlaka, kwamba umeandikwa, na kwamba unaweza kurejelewa pakitokea ubishi. Ndani yake maneno yote hupita kwa mwenyekiti: yeye ndiye huruhusu msemaji, na msemaji huelekeza kauli yake kwake.

Neno mwenyekiti lenyewe lina maana hiyo: ni mwenye kile kiti ambacho wengine hukielekea. Neno mwezeshaji limejengwa kwa msingi tofauti. Mzizi wake ni kitenzi weza, na kiambishi cha usababishi kinatoa wezesha, yaani kumfanya mwingine aweze. Tofauti hii ya maneno inalingana na tofauti ya majukumu. Mwenyekiti anawajibika kwa uamuzi unaotolewa na kikao. Mwezeshaji anawajibika kwa mazingira ambamo timu inaweza kufikia uamuzi wake yenyewe. Ndiyo maana Roger Schwarz, katika kazi yake ya mwaka 1994 kuhusu uwezeshaji, anamfafanua mwezeshaji kuwa mtu asiyeegemea upande wowote katika maudhui ya mjadala na asiye na mamlaka ya kuamua kwa niaba ya kundi.

Tatizo hutokea pale timu inapobadili majina ya mikutano lakini ikabaki na mwelekeo wa maneno wa kikao rasmi. Meneja wa mradi husimama mbele, huita jina la kila mtu, kila mtu humweleza alichofanya jana, naye hutikisa kichwa au huuliza swali. Wenzake wengine, wakisubiri zamu zao, hawasikilizi kwa sababu hakuna kinachosemwa kwao. Mkutano wa namna hiyo ni mfululizo wa ripoti saba zilizotolewa kwa mtu mmoja mbele ya mashahidi sita. Katika mazingira hayo, kauli ya mjaribu programu kwamba hakuna tatizo kubwa ni jibu la busara. Anayeripoti kwa mkubwa wake hulinda sifa ya kazi yake, na jambo lisilo na hakika huachwa hadi hakika ipatikane.

4.0 Kwa nini jambo muhimu halisemwi

Utafiti wa saikolojia ya makundi unatoa maelezo matatu yanayosaidia kulielewa tatizo hili.

Maelezo ya kwanza yanahusu mgawanyo wa taarifa. Garold Stasser na William Titus (1985) waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kazi ya kuchagua mgombea bora katika makundi madogo. Baadhi ya taarifa zilitolewa kwa wote, na nyingine ziligawanywa ili kila mtu awe na sehemu ambayo wenzake hawakuwa nayo. Ilidhihirika kwamba makundi yalielekea kuzungumzia zaidi yale ambayo kila mtu aliyajua tayari, na taarifa za mtu mmoja mmoja hazikuibuka kiasi cha kutosha kurekebisha uamuzi. Kwa hiyo, kuwakutanisha wenye taarifa hakutoshi kuzikutanisha taarifa zao. Mkutano ukiachwa ujiendeshe, huelekea kwenye yale yanayojulikana na wote.

Maelezo ya pili yanahusu zamu ya kusema. Michael Diehl na Wolfgang Stroebe (1987) walichunguza kwa nini watu wanaobuni mawazo kwa pamoja hutoa mawazo machache kuliko idadi ileile ya watu wanaobuni kila mmoja peke yake. Sababu kuu waliyoibaini ni kuzibiana njia: mtu mmoja tu ndiye anayeweza kusema kwa wakati mmoja, na anayesubiri husahau wazo lake, huliona halifai tena, au hushughulika kulikumbuka badala ya kubuni jingine. Hivyo, hata timu yenye nia njema na isiyo na mkubwa wa kuogopwa hupoteza sehemu ya mawazo yake kwa sababu tu ya umbo la mazungumzo.

Maelezo ya tatu yanahusu hofu. Amy Edmondson (1999), katika utafiti wake wa timu 51 za kazi katika kampuni moja ya uzalishaji viwandani, alionesha uhusiano kati ya kujifunza kwa timu na imani ya wanatimu kwamba mtu hataaibishwa wala kuadhibiwa kwa kuuliza, kukiri kosa au kutoa wazo. Katika utafiti wake wa awali kuhusu makosa ya utoaji dawa hospitalini, uliochapishwa mwaka 1996, alikuta kwamba vitengo vyenye uongozi na mahusiano mazuri ndivyo vilivyokuwa na makosa mengi zaidi yaliyobainika. Tafsiri aliyoipendekeza ni kwamba katika vitengo hivyo watu walikuwa tayari zaidi kuyasema makosa. Kwa msimamizi wa mradi, funzo lake ni zito: ukimya wa timu hauthibitishi usalama wa kazi. Wahenga walikwisha kulisema kwa ufupi, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Maelezo haya matatu yanamwonesha mwezeshaji pa kuelekeza juhudi zake. Anapaswa kuzitafuta taarifa za mtu mmoja mmoja, kupunguza kuzibiana njia, na kushusha gharama ambayo mtu huilipa kwa kusema jambo lisilopendeza. Sehemu zinazofuata zinaonesha namna ya kufanya hivyo katika mikutano mitatu ambayo timu hujadiliana yenyewe kwa yenyewe.

5.0 Mkutano wa kila siku

Desturi ya kuufanya mkutano huu watu wakiwa wamesimama imeenea sana, kiasi kwamba katika Kiswahili inazaa mgongano wa maneno, kwani neno kikao limetokana na kukaa. Kusimama kuna faida iliyopimwa. Allen Bluedorn na wenzake (1999) walilinganisha makundi 56 yaliyokutana yakiwa yamesimama na makundi 55 yaliyokutana yakiwa yameketi. Mikutano ya walioketi ilikuwa mirefu kwa asilimia 34, lakini uamuzi wao haukuwa bora zaidi. Hata hivyo, kusimama hufupisha mazungumzo tu. Hakubadili mwelekeo wake. Watu wanaweza kusimama na bado wakaripoti.

Kwa miaka mingi mkutano huu uliendeshwa kwa maswali matatu: nilifanya nini jana, nitafanya nini leo, na ni kikwazo gani kinachonikabili. Maswali hayo yameondolewa katika toleo la mwongozo la mwaka 2020, na timu imeachiwa kuchagua umbo la mkutano wake mradi mazungumzo yalenge maendeleo kuelekea lengo la mzunguko. Badiliko hili lina mantiki. Maswali mawili ya kwanza yanamhusu mtu na shughuli zake, hivyo humwalika athibitishe kuwa hakukaa bure. Swali la tatu, ambalo ndilo lenye thamani kubwa zaidi, huja mwishoni, na jibu rahisi kwake ni kwamba hakuna kikwazo.

Mbadala unaofaa ni kuufuata ubao wa kazi badala ya majina ya watu. Mwezeshaji huanza na kazi iliyo karibu zaidi kukamilika, kisha hurudi nyuma kuelekea kazi zilizoanza karibuni, na kwa kila moja huuliza, “Ni nini kinahitajika ili kazi hii imalizike?” Swali hili haliulizi nani amefanya nini. Katika mfano wetu, kazi ya malipo ingefikiwa mapema, na swali lingewalenga wote wanaoihusu, akiwamo mjaribu. Kama kikwazo ni shaka, mwezeshaji anaweza kuipa shaka hiyo nafasi rasmi kwa kuuliza, “Ni jambo gani katika kazi hii ambalo bado hatuna hakika nalo?” Anayeulizwa hivyo hahitaji kuthibitisha kosa ili apate ruhusa ya kulitaja.

Mambo mawili zaidi hutunza mwelekeo huo. La kwanza ni mahali anaposimama mwezeshaji. Akisimama mbele ya ubao, maneno humfuata. Akisimama pembeni au nyuma ya duara, wasemaji hutazamana. La pili ni kutenganisha kulitaja tatizo na kulitatua. Mazungumzo ya watu wawili yakirefuka, mwezeshaji huyaandika kwenye orodha ya kujadiliwa mara baada ya mkutano na kuwataja watakaobaki. Bila orodha hiyo, kuwakatisha watu huonekana kuwa dharau, na wiki inayofuata watanyamaza.

6.0 Mkutano wa mipango

Katika mkutano wa mipango timu huchagua kazi itakazozifanya katika mzunguko unaoanza na kukadiria uzito wake. Hatari kubwa hapa ni kauli ya kwanza. Mtu mwenye uzoefu akisema kazi fulani ni ya siku mbili, makadirio ya wengine huvutwa kuelekea siku mbili, na aliyekuwa akifikiria siku nane hujiuliza kama ameielewa kazi yenyewe.

Mbinu aliyoieleza James Grenning mwaka 2002, inayotumia kadi zenye namba, inalenga kuzuia mvuto huo. Kazi ikishaelezwa, kila mtu huchagua kadi yake kimya, na kadi zote hufunuliwa kwa wakati mmoja. Namba zikitofautiana sana, aliyetoa namba ndogo kabisa na aliyetoa kubwa kabisa hueleza sababu zao, kisha wote huchagua tena. Thamani ya mbinu hii haiko katika namba inayopatikana mwishoni. Iko katika ile tofauti, kwa kuwa mwenye namba kubwa mara nyingi anajua jambo ambalo wengine hawalijui. Mjaribu wetu akifunua kadi ya 13 huku wenzake wakifunua kadi za 3, atalazimika kueleza, na maelezo yake ndiyo taarifa ambayo Stasser na Titus walionesha kwamba haiibuki yenyewe. Mwezeshaji anayekimbilia kuchukua wastani wa namba hizo anatupa zao la mkutano na kubaki na makapi.

Mkutano huu huhitaji pia kufungwa vizuri. Sam Kaner (1996) anaeleza kuwa mjadala wa kundi huanza kwa kutawanyika, hupita kipindi kigumu ambamo watu hawaelewani na huchoka, ndipo hukusanyika kuelekea uamuzi. Mwezeshaji asiyekitambua kipindi hicho kigumu hukidhania kuwa ni kushindwa, akaharakisha kura au akamwachia mkubwa aamue. Njia rahisi ya kupima kama timu imekusanyika ni kura ya vidole: kila mtu huinua kidole kimoja hadi vitano kwa pamoja, kuonesha kiasi anachoukubali mpango. Kidole kimoja au viwili havina maana ya uasi. Vina maana kwamba kuna jambo bado halijasikika.

7.0 Mkutano wa tafakuri na kipengele cha yatokanayo

Mkutano wa tafakuri ndio hufutwa kwa urahisi zaidi muda unapobana, kwa sababu hauzai kitu kinachoonekana kwa mteja. Esther Derby na Diana Larsen (2006) wanaupanga katika hatua tano: kuandaa mazingira, kukusanya taarifa, kutafuta maana yake, kuamua la kufanya, na kufunga. Kabla yao, Norman Kerth (2001) alikuwa amesisitiza kwamba mjadala wa namna hii uanze kwa kukubaliana kuwa kila mtu alifanya kadiri alivyoweza kwa maarifa, uwezo na mazingira aliyokuwa nayo wakati ule. Sharti hili halifuti uwajibikaji. Linahamisha swali kutoka nani alikosea hadi ni nini katika utaratibu wetu kilichoruhusu kosa lipite.

Hatua ya kukusanya taarifa hufanikiwa zaidi ikianza kwa maandishi. Kila mtu hupewa dakika tano hadi saba kuandika kimya, jambo moja kwenye kila kipande cha karatasi, kisha vipande vyote hubandikwa na kusomwa kwa pamoja. Uandishi huu huondoa kuzibiana njia, na humpa mdogo nafasi sawa na mkubwa, kwa sababu karatasi hazina umri wala cheo.

Udhaifu wa tafakuri katika timu nyingi uko mwishoni. Mapendekezo huandikwa kwa wingi, hupigwa picha na kusahauliwa, na baada ya mizunguko kadhaa watu huona kwamba kusema hakuna faida. Toleo la mwongozo la mwaka 2017 lililitambua tatizo hili, likataka angalau boresho moja liingizwe katika kazi za mzunguko unaofuata, ingawa toleo la 2020 limelegeza sharti hilo. Hapa ndipo kikao rasmi kinapoweza kuisaidia ajaili. Kipengele cha yatokanayo kina nguvu kwa sababu hakiruhusu kikao kuanza jambo jipya kabla ya kuulizana yaliyoamuliwa awali yamefikia wapi. Timu inayofungua kila tafakuri kwa yatokanayo ya dakika tano, ikiwa na boresho moja au mawili, jina la mtu aliyelibeba na ishara ya kulitambua limetimia, hujijengea ushahidi kwamba neno lililosemwa lilizaa tendo. Ushahidi huo huwashawishi watu kusema kuliko himizo lolote la meneja.

8.0 Heshima, umri na lugha ya mkutano

Miongozo mingi ya ajaili inachukulia kuwa wanatimu wako sawa pindi wanapoingia mkutanoni. Katika sehemu za kazi zinazotumia Kiswahili, usawa huo hauwezi kuchukuliwa hivyohivyo. Mdogo anayemwamkia mwenzake shikamoo asubuhi, na kumwita mzee, mama, kaka au dada mchana kutwa, ameshaingia katika uhusiano wenye adabu zake, na kumpinga mtu huyo hadharani ni kuzivunja. Methali isemayo kuwa penye wazee haliharibiki neno inaeleza imani ya jamii katika busara ya wakubwa. Lakini katika mkutano wa kazi za kitaalamu, neno linaweza lisiharibike kwa sababu tu halikutamkwa.

Si lazima mwezeshaji apambane na heshima ili mkutano ufanikiwe. Anaweza kuitumia. Desturi inayompa mkubwa haki ya kuhitimisha ina maana pia kwamba mkubwa husikiliza kwanza. Mwezeshaji akipanga zamu zianze na mdogo na kumalizikia kwa mkubwa, mdogo hampingi mtu yeyote, kwani hakuna aliyekwisha kusema, na mkubwa hapotezi hadhi yake, kwani neno la mwisho ni lake. Vilevile, ni vyema mwezeshaji amwone mkubwa kabla ya mkutano na kumwomba aoneshe mfano kwa kulitaja jambo moja ambalo yeye mwenyewe hana hakika nalo. Shaka ikitamkwa na mzee, hugeuka kuwa adabu inayoruhusiwa.

Suala la lugha nalo ni la uwezeshaji. Zana na nyaraka za utengenezaji wa programu kwa kiasi kikubwa ziko katika Kiingereza, na mikutano hupenda kuzifuata. Mtu anayelifahamu tatizo kwa undani lakini hana wepesi wa kulieleza kwa lugha hiyo hufupisha maelezo hadi kufikia sentensi anayoimudu. “Hakuna tatizo kubwa” inaweza kuwa sentensi ya namna hiyo. Kwa hiyo, lugha ya mkutano iamuliwe kwa uwazi mwanzoni mwa mradi, na ieleweke kuwa kuchanganya istilahi za kigeni na maelezo ya Kiswahili ni halali pale kunapoleta uelewa.

9.0 Mipaka ya uwezeshaji

Uwezeshaji hautibu kila kitu. Kwanza, hauwezi kuwapa watu mamlaka ambayo taasisi imewanyima. Ikiwa kazi, tarehe na bajeti vimekwisha kuamuliwa kwa mkataba usiojadilika, kura ya vidole itakuwa mchezo, na timu itaubaini upesi. Pili, kama aliyesema tatizo mkutanoni ataadhibiwa nje ya mkutano, mbinu zote zilizotajwa zitakuwa mtego kwake. Tatu, mwezeshaji ambaye ndiye pia anayetathmini utendaji wa wanatimu hubeba kofia mbili zinazogongana. Pale isipowezekana kuzitenganisha, ni heri jukumu la kuwezesha mkutano wa tafakuri lizunguke miongoni mwa wanatimu. Nne, si kila jambo linahitaji mkutano. Taarifa isiyohitaji uamuzi wala majadiliano iandikwe na isomwe.

10.0 Hitimisho

Makala yamefafanua kwamba mikutano ya ajaili hutofautiana na kikao rasmi si kwa ufupi wala kwa kusimama, bali kwa mwelekeo wa maneno. Katika kikao rasmi maneno humwendea mwenyekiti ili uamuzi uwe halali. Katika mkutano wa timu maneno huwaendea wanaofanya kazi ili kazi ibadilike. Mwezeshaji huutunza mwelekeo huo kwa kufuata kazi badala ya watu, kuandika kabla ya kusema, kufunua makadirio kwa pamoja, kuwatanguliza wadogo, na kufungua tafakuri kwa yatokanayo.

Kwa watafiti, hoja hii inapendekeza kipimo tofauti na vile vya muda na mahudhurio. Linalofaa kuchunguzwa ni siku ngapi zilipita tangu mtu wa kwanza katika timu alipolijua tatizo hadi lilipotamkwa mbele ya wenzake. Katika mfano wa programu ya ankara za maji, zilipita wiki tatu, na waliolitamka walikuwa wateja waliokatwa fedha mara mbili. Mkutano wenye ufanisi ni ule unaoufupisha umbali huo hadi asubuhi inayofuata.